Henri Rousseau: Mtoza ushuru aliyeacha lango la mji ili achore

Mwaka 1893, mtumishi mmoja wa idara ya ushuru ya jiji la Paris aliacha kazi na kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 49, amefiwa na mke, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amesimama kwenye malango ya jiji akikagua mizigo iliyoingia. Pensheni aliyopewa ilikuwa ndogo na hakuwa na akiba ya maana. Aliondoka kwa sababu moja tu: alitaka kuchora kutwa nzima.

Jina lake lilikuwa Henri Rousseau. Leo picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Paris, London, New York, Prague na Tokyo. Mwezi Mei mwaka 2023, mojawapo ya picha zake za mwisho, inayoonyesha ndege aina ya heroe wakiwa kando ya maji, iliuzwa katika mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 43. Alipokuwa hai, picha yake nyingine kubwa iliuzwa kwa faranga 5 katika duka la vitu vikuukuu, na muuzaji alimshauri mnunuzi achore picha nyingine juu yake, kwa kuwa turubai lilikuwa bado zima.

Maisha ya Rousseau yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kuchekesha cha mzee mnyofu aliyeanza kuchora baada ya kustaafu, akapata sifa bila kujua alifanya nini. Lakini tarehe za maisha yake zinaeleza habari tofauti. Rousseau hakungoja kustaafu ili aanze kuchora. Alikwisha kuwa mchoraji kwa miaka mingi, na alistaafu mapema kwa sababu kazi ya ushuru ilimnyima muda. Kwa uamuzi huo alilipa gharama kubwa, na gharama hiyo husahaulika pale anapochekwa.

Mwana wa fundi wa bati

Rousseau alizaliwa tarehe 21 Mei 1844 mjini Laval, magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya bati, na familia iliishi katika lango la kale la mji liitwalo Beucheresse, lenye minara miwili ya mawe ambayo ipo mpaka leo. Biashara ya baba haikustawi. Madeni yalipozidi, nyumba ilichukuliwa na wadai, na familia ikalazimika kuhama.

Shuleni Henri hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, ila katika mambo mawili: kuchora na muziki. Masomo yote mawili yalimletea tuzo, na yote mawili aliendelea nayo hadi kufa. Hata hivyo, mtoto wa fundi mwenye madeni hakuweza kuota kwenda katika chuo cha sanaa. Alipelekwa kufanya kazi katika ofisi ya mwanasheria mjini Angers.

Huko ndiko alikofanya kosa lake la kwanza mbele ya sheria. Yeye na vijana wenzake waliiba kiasi kidogo cha fedha pamoja na stempu za posta. Kwa kutumaini kuepuka aibu, alijiandikisha jeshini mwaka 1863, lakini hata hivyo alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Jeshini alikaa kwa takriban miaka minne bila kuvuka mpaka wa Ufaransa. Baadaye marafiki zake walieneza hadithi kwamba alikwenda Mexico pamoja na majeshi ya Mfalme Napoleon wa Tatu, na kwamba misitu aliyoichora aliiona huko kwa macho yake. Hadithi hiyo haikuwa ya kweli. Huenda alisikia habari za Mexico kwa askari waliorejea kutoka vitani, lakini yeye mwenyewe hakusafiri kwenda huko.

Baba yake alipofariki mwaka 1868, Rousseau aliruhusiwa kuacha jeshi ili amtunze mama yake. Alihamia Paris, na mwaka uliofuata akamwoa Clémence Boitard. Ndoa hiyo ilikuwa na upendo, lakini pia ilikuwa na misiba mingi. Walipata watoto kadhaa, na karibu wote walifariki wangali wadogo. Clémence mwenyewe alifariki mwaka 1888. Binti yao, Julia, alipelekwa kulelewa na jamaa mjini Angers, na baba akabaki peke yake Paris.

Langoni mwa Paris

Wakati huo jiji la Paris lilizungukwa na ukuta wa ngome, na kila bidhaa iliyoingizwa ili iuzwe ndani yake ililipiwa ushuru wa jiji. Mvinyo, nyama, mafuta ya taa, kuni na chakula cha farasi, vyote vilikaguliwa kwenye vituo vilivyokuwa malangoni na kandokando ya mto Seine. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Rousseau aliajiriwa katika idara iliyokusanya ushuru huo. Alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini, na katika ngazi hiyo ndimo alimobakia.

Hapa ndipo lilipotoka jina la utani ambalo lingemfuata hata kaburini. Wafaransa humwita Rousseau wa Forodha. Ukweli ni kwamba hakuwa afisa wa forodha. Forodha ilikuwa idara ya serikali iliyolinda mipaka ya nchi, na cheo chake kilikuwa na heshima kubwa zaidi. Aliyempachika jina hilo anasemekana kuwa Alfred Jarry, mwandishi kijana ambaye naye alizaliwa Laval. Lilikuwa jina la mzaha kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kusimama kwenye baridi na kuhesabu mapipa.

Katika kazi hiyo ya kungoja, Rousseau alichora. Mwaka 1884, akisaidiwa na mchoraji Félix Auguste Clément aliyekuwa jirani yake, alipata kibali cha kunakili kazi za wachoraji wakuu katika jumba la makumbusho la Louvre. Alikuwa na umri wa miaka 40. Kibali hicho ndicho kilichokuwa chuo chake: siku zake za mapumziko alisimama mbele ya picha za kale, akijifundisha mwenyewe namna ya kupanga rangi na kumalizia sura ya kitu.

Kituo chake cha kazi pia alikichora. Katika picha ndogo iliyopo mjini London katika jumba la Courtauld, linaonekana lango la ushuru lenye vyuma, miti iliyosimama wima, na walinzi wawili waliovaa sare nyeusi. Hakuna mkokoteni hata mmoja unaopita. Ni picha tulivu ya mahali ambapo mtu alipitisha miaka yake.

Maonyesho yasiyo na majaji

Tatizo la mchoraji asiye na shahada lilikuwa ni mahali pa kuonyesha kazi yake. Maonyesho rasmi ya Paris yalisimamiwa na jopo la majaji, ambao waliwachagua wale waliofuata kanuni za chuo. Mwaka 1884, kundi la wasanii waliochoshwa na kukataliwa waliunda Jumuiya ya Wasanii Huru. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: hakuna majaji na hakuna tuzo. Kila mtu aliyelipa ada aliruhusiwa kutundika picha zake.

Rousseau aliingia katika mlango huo mwaka 1886, na mpaka alipofariki alishiriki karibu kila mwaka. Miongoni mwa picha za mwaka huo wa kwanza ilikuwamo ile ya usiku wa tamasha: mwanamume na mwanamke waliovalia mavazi ya sherehe wakiwa wamesimama katika msitu wa majira ya baridi, miti ikiwa haina majani, na mwezi ukiwa juu yao. Leo picha hiyo ipo Philadelphia, Marekani. Siku zile watu walicheka. Waliona watu wasio na uzito, miguu isiyokanyaga ardhi na umbali usiopimika.

Kicheko hicho kilirudi kila mwaka. Magazeti yalimfanya kuwa kivutio cha maonyesho, na wageni walikwenda kumtafuta ili waburudike. Rousseau alikata makala zilizomtaja, nzuri na mbaya, akazibandika katika daftari lake. Daftari hilo lingemfaa siku moja mahali ambapo hakupatarajia.

Mwaka 1890 alionyesha picha ya nafsi yake, ambayo sasa imo katika jumba la taifa la sanaa mjini Prague. Amesimama katikati, mkubwa kuliko kila kitu, amevaa suti nyeusi na kofia ya wasanii, mkono mmoja umeshika brashi na wa pili umeshika ubao wa rangi. Nyuma yake kuna meli iliyopambwa kwa bendera za nchi mbalimbali, puto likiwa angani, na mnara wa Eiffel uliokuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla. Watu wengine katika picha hiyo ni wadogo kama vidole. Ikumbukwe kwamba wakati huo alikuwa bado mtumishi wa idara ya ushuru. Alijitangaza kuwa mchoraji miaka mitatu kabla ya kuacha kazi iliyompa mkate. Juu ya ubao wa rangi aliandika jina la Clémence, na baadaye akaongeza la mke wake wa pili, Joséphine.

Mwaka 1891 alionyesha msitu wake wa kwanza wa nchi za joto. Chui mwenye milia anajitokeza kwenye majani marefu huku radi ikipiga na mvua ikianguka kwa mistari mirefu ya rangi ya fedha. Safari hii hawakucheka wote. Félix Vallotton, mchoraji kijana kutoka Uswisi, aliandika katika gazeti la nchini mwake kwamba mnyama yule hakupaswa kukosa kutazamwa, na kwamba picha zilizokuwa kando yake zilipoteza nguvu. Picha hiyo leo ni mali ya jumba la taifa la sanaa mjini London.

Kustaafu bila kupumzika

Miaka miwili baadaye Rousseau aliiaga idara ya ushuru. Kwa wengi, kustaafu ni kuanza kupumzika. Kwake yeye ndipo siku ya kazi ilipokuwa ndefu. Pensheni ilitosha kodi ya chumba na mkate, lakini si turubai wala rangi za mafuta. Alianza kufundisha fidla na uchoraji kwa watoto na watu wazima wa mtaani. Alichora sura za majirani kwa malipo madogo. Alikopa rangi, akadaiwa na wauzaji, akalipa kidogo kidogo. Deni moja la dukani lilizaa picha iliyopo sasa katika jumba la Orangerie mjini Paris: familia ya muuza duka Junier imepanda gari dogo la farasi pamoja na mbwa wao, na Rousseau mwenyewe ameketi miongoni mwao.

Mwaka 1897 alimaliza picha ambayo watu wengi humjua kwayo. Mwanamke mweusi, mwanamuziki msafiri, amelala jangwani chini ya mwezi mpevu, kando yake pana chombo cha nyuzi na mtungi wa maji. Simba amemkaribia, amemnusa, na hamdhuru. Mwaka uliofuata Rousseau aliiandikia meya wa Laval barua, akaomba mji wake wa kuzaliwa uinunue picha hiyo iwe kumbukumbu ya mmoja wa watoto wake. Mji ulikataa. Picha ikapotea machoni pa watu, ikaonekana tena katika miaka ya 1920, na hatimaye ikafika katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, ambako ni miongoni mwa picha zinazotazamwa zaidi.

Mwaka 1899 alioa mara ya pili. Joséphine Noury, mjane, alifungua duka dogo la vifaa vya kuandikia, na humo picha za mumewe nazo ziliwekwa ziuzwe. Mwaka 1903 naye akafariki. Rousseau, akiwa karibu na umri wa miaka 60, alibaki tena peke yake na turubai zake.

Msitu uliokuwa ndani ya Paris

Ni katika upweke huo ndipo alipoirudia misitu. Tangu yule chui wa mwaka 1891 zilikuwa zimepita zaidi ya miaka kumi. Kuanzia mwaka 1904 hadi kufa kwake alichora zaidi ya picha 20 za misitu ya nchi za joto, zote bila kutoka nje ya Ufaransa.

Misitu hiyo aliipata kwa mwendo wa miguu. Katika bustani kuu ya mimea ya Paris kuna nyumba za vioo ambamo mimea ya nchi za joto hukuzwa wakati wa baridi. Rousseau alitembea humo na kuchora majani, na aliwaambia marafiki kuwa akiingia humo hujiona kama ameingia ndotoni. Bustani hiyo ilikuwa pia na wanyama hai, na jumba la kumbukumbu za viumbe lililokuwa kando lilikuwa na wanyama waliokaushwa. Nyumbani alikuwa na kitabu cha picha za wanyamapori. Jani dogo la chunguni akalikuza likawa refu kuliko mti. Wanaosimulia kazi yake wanasema alitumia kijani za aina nyingi mno, na alizipaka kwa zamu, rangi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa karani anayejaza daftari.

Mwaka 1905 picha yake yenye upana wa mita tatu, ya simba mwenye njaa anayemrukia swala, ilipokelewa katika Maonyesho ya Majira ya Vuli, yaleyale ambayo Henri Matisse na wenzake waliitwa kwa kejeli wanyama wakali. Simba na swala wa picha hiyo walitoka moja kwa moja katika jumba la wanyama waliokaushwa, ambako palikuwa na simba kutoka Senegal aliyepangwa akiwa amemshika windo lake.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayemjua simba kama mnyama wa mbuga atashangaa kumkuta katika msitu mnene kiasi hicho. Mshangao wake ni wa haki. Afrika ya Rousseau ilikuwa Afrika iliyofikishwa Paris na ukoloni: ngozi zilizojazwa majani makavu, mimea katika vyungu, na maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1889 ambayo watu wa makoloni waliwekwa ili watazamwe. Rousseau hakuhoji mfumo huo. Alichora kile ambacho Mfaransa wa kawaida alikiona akilipa kiingilio, akakiongezea hofu na ukimya vilivyotoka moyoni mwake. Picha hizo hazituelezi msitu ulivyo, bali zinatuonyesha jinsi mzee wa Paris alivyoukosa na kuutamani.

Mwaka 1906 alilishukuru pia lango lililompokea. Alionyesha picha ambayo malaika wa uhuru anapuliza tarumbeta juu ya Paris, na chini yake wasanii wamepanga safu ndefu, kila mmoja akibeba turubai lake kuelekea kwenye maonyesho yasiyo na majaji. Picha hiyo imo leo katika jumba la sanaa ya kisasa la Tokyo.

Mbele ya mahakama

Mwishoni mwa mwaka 1907 Rousseau alikamatwa. Karani mmoja wa benki, mtu aliyefahamiana naye kupitia muziki, alimshawishi ashiriki katika hila. Rousseau alifungua akaunti kwa jina la uongo, akatumia hati za kughushi, na kupokea fedha nyingi kutoka tawi la Benki ya Ufaransa katika mji wa Meaux. Polisi walimfikia upesi, na akalala gerezani.

Kesi ilisikilizwa Januari mwaka 1909. Mbele ya majaji, wakili wake alitoa ushahidi wa namna yake: alionyesha picha ya Rousseau pamoja na lile daftari lenye makala za magazeti zilizomkejeli, kuthibitisha kwamba mtu mnyofu kiasi hicho hawezi kupanga wizi. Ukumbi ulicheka. Rousseau alihukumiwa kifungo cha miaka miwili ambacho hakukitumikia, pamoja na faini ya faranga 100. Inasimuliwa kuwa alimshukuru hakimu na kuahidi kumchora mke wake.

Kisa hicho hupendwa sana na wasimulizi, lakini kina uchungu ndani yake. Kilichomwokoa mchoraji asiende jela ni hoja kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa ya kuchekesha. Aliponea chupuchupu kwa kukubali, au kwa kunyamaza, wakati heshima yake ilipotolewa kama dhamana. Wala hakuwa mjinga asiyejua lolote: alikuwa mzee mwenye madeni, na aliingia katika shauri ovu. Unyofu wake na udhaifu wake viliishi pamoja.

Karamu ya Picasso

Kati ya kukamatwa na kuhukumiwa kulikuwa na usiku mmoja wa mwezi Novemba mwaka 1908. Pablo Picasso, wakati huo kijana wa miaka 27, alikuwa ndiye aliyelipa zile faranga 5 katika duka la vitu vikuukuu. Hakuchora juu ya turubai lile. Ilikuwa picha ya mwanamke mrefu aliyesimama kando ya pazia, na Picasso aliona ndani yake nguvu ambayo wachoraji waliosoma walikuwa wameipoteza. Akaamua kumfanyia mzee karamu katika jengo chakavu alimokuwa akiishi, kilimani Montmartre.

Walikuwepo Georges Braque, mshairi Guillaume Apollinaire, mchoraji Marie Laurencin, na Wamarekani Gertrude na Leo Stein. Rousseau aliketishwa kwenye kiti kilichoinuliwa kama cha mfalme, chini ya taa za karatasi na bendera. Chakula kilichoagizwa hakikufika usiku ule. Nta ya taa ilidondoka juu ya kichwa chake, naye hakusogea. Apollinaire alighani beti za kumsifu, na mzee akapiga fidla mpaka usingizi ukamchukua.

Kwa miaka mingi waliohudhuria walibishana: ilikuwa heshima, au ilikuwa mzaha wa vijana? Yamkini ilikuwa yote mawili. Lakini Picasso hakuiuza ile picha. Alibaki nayo hadi kufa kwake mwaka 1973, na sasa imo katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake mjini Paris. Mtu hatunzi mzaha kwa miaka 65.

Rousseau naye aliwaalika watu kwake. Katika chumba chake cha mtaa wa Perrel, ambacho kilikuwa makazi, karakana na darasa, aliandaa jioni za muziki. Wauza maziwa na mafundi wa mtaani waliketi pamoja na wachoraji chipukizi wa Ulaya, wakasikiliza wanafunzi wa mwenyeji wao wakipiga fidla.

Jirani kutoka Ujerumani

Miongoni mwa waliomwelewa mapema alikuwamo Mjerumani, Wilhelm Uhde, mkusanyaji wa sanaa aliyekuwa akiishi Paris. Alimfahamu Rousseau mwaka 1907 kupitia familia ya mchoraji Robert Delaunay. Mama yake Delaunay ndiye aliyemwagiza mzee picha ya mwanamke anayewachezea nyoka kwa filimbi chini ya mwezi, ambayo leo ni fahari ya jumba la Orsay. Mwaka 1908 Uhde alimwandalia Rousseau maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, katika duka la samani. Kadi za mwaliko zilipelekwa kwa watu, lakini Uhde alisahau kuandika anuani, na hakuna aliyefika.

Kosa hilo alilifidia. Mwaka 1911 alichapisha kitabu cha kwanza kuhusu maisha na kazi ya Rousseau. Mwezi Desemba mwaka huohuo, picha za mzee zilitundikwa mjini Munich katika maonyesho ya kundi la wasanii wa Mpandafarasi wa Buluu, na mwaka 1912 kitabu cha kundi hilo kilichapisha picha zake kadhaa. Kiongozi wao, Wassily Kandinsky, alinunua kazi za Rousseau na kumweka mbele kama mfano wa uhalisia wa aina mpya. Wakati Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zikijiandaa kupigana, mtumishi mstaafu wa Paris alikuwa amekwisha kuheshimiwa upande wa pili wa mpaka. Vita vilipozuka mwaka 1914, serikali ya Ufaransa iliuchukua mkusanyiko wa Uhde kama mali ya adui, na baadaye ikaupiga mnada.

Ndoto ya mwisho

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1910 Rousseau alionyesha picha yake kubwa ya mwisho. Mwanamke asiye na nguo ameegemea kochi jekundu katikati ya msitu, simba wanamtazama kwa macho ya duara, na mtu mweusi anapuliza filimbi gizani. Wengine walitaka kujua kochi limefikaje msituni. Rousseau alieleza kwamba mwanamke yule amelala chumbani mwake na anaota. Mfanyabiashara Ambroise Vollard aliinunua, na Apollinaire akaandika kwamba mwaka ule hakutarajia mtu yeyote kucheka.

Miezi michache baadaye mguu wa Rousseau ulipata jeraha, likaoza. Alifariki tarehe 2 Septemba 1910 katika hospitali ya Necker, akiwa na umri wa miaka 66. Wengi wa wachoraji waliomjua walikuwa nje ya jiji kwa likizo ya kiangazi. Waliomsindikiza walikuwa wachache, akiwamo Paul Signac, rais wa Jumuiya ya Wasanii Huru. Alizikwa katika kaburi la maskini huko Bagneux.

Baadaye marafiki walichanga fedha ili apate kaburi lake mwenyewe. Mchongaji Constantin Brancusi alichonga juu ya jiwe lake beti ambazo Apollinaire alimwandikia, akimwomba awapitishie mizigo yao langoni mwa mbingu bila ushuru, nao wangemletea brashi na rangi. Mwaka 1947 mabaki yake yalihamishiwa Laval, katika bustani ya Perrine. Mji uliokataa kununua picha ya mwanamuziki na simba sasa una jumba la makumbusho lililowekwa kwa ajili ya wachoraji waliojifundisha wenyewe kama yeye, na lango la Beucheresse lingali limesimama.